Kisanduku Kinachoonja Damu

Kisanduku cha vidonge kilikuwa kimegoma kwa siku ya tatu. Kila mgonjwa wa saratani alikuwa na chake, na sheria ni moja: unajichoma kidole, unakidondoshea kisanduku damu. Kikionja saratani ambayo bado inaisikia dawa, kinafunguka na kutoa kidonge kimoja, kile kinachoifungia saratani njia nyingi kwa mpigo. Ikishakuwa sugu, hakifunguki tena, na siku ya nne wanakuja kukichukua wampe mwingine.

Nakijwa hakutaka kusikia hayo. Juzi alikilisha damu ya kuku, jana ya dada yake mzima wa afya, na yote ikawa kazi bure.

"Mama Elinami, kiache," alisema mumewe kutoka kitandani, mbavu zikihesabika. "Waje wakichukue tu."

"Kunywa uji, Baba Elinami."

Akaingia jikoni na kisanduku. Mfa maji haishi kutapatapa: akajichoma kidole chake mwenyewe, akadondosha tone, akafumba macho.

Kikafunguka.

Alicheka peke yake, akakinyakua kidonge. Alikuwa ameshafika mlangoni alipoikumbuka sheria: kisanduku hufungukia saratani tu. Akasimama ameshika ukuta, akikiwaza kikohozi chake cha tangu Pasaka alichokisingizia moshi wa kuni.

"Kimekubali?" mumewe aliuliza, akijiinua kwa kiwiko.

Nakijwa alikitazama kidonge kiganjani mwake, muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Kimekubali," alisema, akamwekea ulimini.