Chini ya Ubao wa Mkwe

Injini ya boti ilizimika tena, na maji yalikuwa yameshafika vifundoni. Shaweji alijua yanapoingilia: chini ya ubao aliokalia mama mkwe wake, ambaye siku hiyo yeye Shaweji ndiye aliyemtoa matembezi baharini. Lakini mkwe anaambiwaje, “Inuka nichungulie chini yako”? Akazidi kuvuta kamba ya injini, bure.

“Mwanangu, maji haya yanaingilia kwangu?”

“Ndiyo, mama.”

“Na umenyamaza, tuzame kwa adabu!”

Akainuka. Akavua ushungi, akauviringa, akaushindilia kwenye ufa kwa kisigino. Maji yakakoma. Na kwa kuinuka kwake, mpira wa kupitishia mafuta ya injini, uliokuwa umebanwa chini ya ubao ule, ukaachiwa. Shaweji akavuta kamba, injini ikanguruma.

Mama mkwe akakaa ubavuni pake, mvi zikipepea, akichota maji kwa kiatu na kucheka.