Udongo Uliopumzika

Katika ombi lake la fedha za utafiti wa udongo huko Mangina, Lusenge hakujiandikia mshahara. Aliomba majembe, sururu, mashuka meupe na chakula cha vibarua, basi.

Madame Kapinga alilisoma ombi hilo mara ya pili. Alikuwa mtaalamu wa kilimo kutoka Kasai, aliyeletwa Butembo na serikali kabla ya vita. Njia zilipokatika, akabaki huko huko. Sasa aliupokelea mfuko mmoja wa Ulaya maombi ya utafiti wa mazingira. Mwaka huo wa 2002 kuna aliyetaka fedha za kuhesabu vipepeo, wakati hata watu hawakuwa na wa kuwahesabu. Kapinga hakucheka wala hakukasirika. Siku hizo hakuna kilichomgusa. Alikula, alilala, aligonga mihuri.

“Mais, mwalimu, mushahara yako iko wapi?”

“Hapana lazima, madame,” alisema Lusenge, ambaye alifundisha chuo cha kilimo.

“Na mashuka?”

“Ya kuanika udongo. Juu ya nyeupe, rangi yake inaonekana muzuri.”

Ilibaki nafasi moja tu, na mfuko ulikuwa karibu kufungwa. Lusenge alijua. Aliweka mikono yake mezani na kuitazama midomo ya Kapinga kama mtu anayesubiri hukumu.

“Donc, kwa nini Mangina? Kilima iko hata hapa Mususa, na mvua inabeba udongo yote.”

“Kile kilima ya Mangina, hapana mutu alilima tangu mwaka jana. Udongo ilipumuzika.”

“Ilipumuzika sababu askari banakataza batu kupita!”

“Sisi, banatukataza. Muhuri ya Bazungu, hapana.” Akalisogeza ombi karibu na muhuri. “Kama si kile kilima, madame, afazali mupe mutu mwingine.”

Kapinga aliziangalia ndevu za Lusenge, na nywele zilizosimama ovyo kichwani.

“Na hizi nywele? Banyozi ya Butembo balikufa bote?”

“Nitanyoa kazi ikiisha.”

Kapinga alikuwa amechoka kubishana. Akagonga muhuri.

Komanda wa Mangina alikuwa mgeni. Aliwafukuza askari waliomtangulia, akaikuta amri yao ya kufunga kilima na kuiacha ilivyo, bila kuuliza sababu yake. Kibali cha kuchimba alikisaini bila kukisoma hadi mwisho. Nani anaogopa udongo?

Kazi ilipoanza, Kapinga alipanda pikipiki kupitia Beni kwenda kukagua. Alishuka amejaa vumbi, tayari amenuna, na alichokiona kilimani kikamwongezea. Shimo la kupima udongo huchimbwa la mraba, kuta zimenyooka ili tabaka zionekane. Mashimo haya yalikuwa marefu, yametapakaa ovyo. Hakuna aliyepima kitu. Hakuna mfuko hata mmoja wa sampuli uliojazwa. Na vibarua wenyewe! Mmoja mzee wa kuegemea fimbo, mwingine kavaa suti ya kanisani. Pembeni walikaa wanawake wengi, hawapiki, hawaongei.

“Mwalimu, hii ndiyo recherche, utafiti ya kupima udongo?” alifoka. “Bazungu nitabaambia nini? Bakikata feza, hapana kulia kwangu!”

Lusenge alikuwa akitazama shimo la mwisho, ambamo kibarua mmoja, Urbain, alikuwa ameliweka jembe kando na sasa anafukua kwa vidole, polepole.

“Shemeji,” Urbain alimwita Lusenge bila kuinua kichwa. “Kuya uone. Hii kitenge ni ya dada.”

Wanawake wote wakainuka, wakakimbilia mashimoni, kila mmoja akimwita kwa jina mtu wake aliyepotea mwaka jana.