Mkwaruzo wa Wimbo wa Tatu

Fundi alikuwa ameficha sindano ya gramafoni ndani ya soksi, na soksi ameivaa.

"Haionekani," alisema, akipekua makopo ya vifungo kwa bidii ya uongo. "Na bila sindano hakuna muziki. Basi tena, tufanye siku nyingine."

"Nimekuja na nyingine, Baba," bintiye akasema, akaitoa kwenye pochi.

Kinyozi wa duka la jirani alikwishavuta kigoda kutoka chini ya meza ya kukatia nguo, taulo bado liko begani. Mteja amemwacha kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Lakini hili lilikuwa jambo la kuacha kila kitu. Alikuwa amelisubiri miaka arobaini na saba.

Kisa chenyewe ni hiki. Kila Jumamosi Fundi huiweka ile santuri ya mwaka sabini na mbili, upande wa pili, wimbo wa tatu. Katikati ya ubeti wa mwisho sindano huruka, krrp, na mistari miwili hupotea. Hapo ndipo Fundi huinua kidole.

"Mnaona? Hapo ndipo nilipoimba mimi. Peke yangu!"

"Pole sana," Kinyozi humjibu. "Santuri nzima salama, ila penye wewe tu."

Santuri hiyo mkewe alikuja nayo siku alipoolewa, imelazwa katikati ya mashuka, mkwaruzo tayari umo, umenyooka kama mstari wa chaki kwenye kitambaa. Fundi alipogundua kuna mistari isiyojulikana na mtu, uongo ulimkaa vizuri, haukuhitaji hata kupunguzwa kiuno. Ukweli aliujua yeye na Mungu wake. Siku ile bendi iliporekodi, yeye alikuwa anajifunza kushona. Alipeleka suruali nne za bugaluu, zile pana miguuni, akazikabidhi mlangoni pa studio, mlango ukafungwa.

Sasa binti amenunua santuri mpya, iliyotolewa upya kutoka kwenye kanda za zamani. Haina mkwaruzo hata wa dawa. Ameileta kama zawadi, masikini, kwa moyo mweupe kabisa. Tangu darasa la kwanza amekuwa akiwaambia watu kwamba baba yake ameimba kwenye santuri, na amepigania jambo hilo mpaka kung'olewa jino. Kinyozi kumcheka Fundi si habari. Binti kujua ndiko kulikomtia hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kweli.

"Ikiwa si wewe unayeimba humo," Kinyozi alisema, "Jumamosi utasimama mbele ya kioo changu, duka limejaa, useme: mimi ni mwongo, tena mzoefu."

"Siku ile nilikuwa na mafua," Fundi akawahi. "Sauti ikiwa nyembamba msishangae."

"Ulisimama wapi, Baba?"

"Mbele! Kulikuwa na maikrofoni tatu. Yangu ya katikati."

Kwenye kona, mkewe alijidunga kidole. Alikuwa akitia vifungo kwenye gauni la mteja, pini amezibana midomoni kama kawaida yake.

"Gauni la watu hili linachukuliwa saa kumi," alisema katikati ya pini. "Muziki wa nini saa hizi? Kama ni lazima, wekeni ile yetu ya zamani. Tumeshaizoea."

Fundi alimtazama kwa shukrani. Mke mwema huyu, anajaribu kumwokoa.

"Shemeji, wewe na muziki wapi na wapi?" Kinyozi alimtania.

Na hilo lilijulikana nyumba nzima: Mama hana sikio. Kila Jumamosi huufuata wimbo huo puani, kwa sababu ya pini, na kila Jumamosi bendi humaliza ikamwacha nyuma, bado anavuma peke yake kama nyuki aliyepotea njia. Watoto walikua wakimcheka. Fundi naye alipenda kusimulia kwamba alimtoa kwa baba mkali, binti aliyefungiwa ndani, asiyejua hata mlango wa ukumbi wa dansi unafungukia upande gani.

Santuri ikaanza kuzunguka. Binti aliliegemeza jalada kwenye cherehani: wanaume wanne wenye nywele kubwa, mabugaluu yameishia juu ya vifundo vya miguu. Watu walisema ndiyo fasheni.

Ubeti wa mwisho ukafika. Fundi akafumba macho. Binti akamshika mkono, akaubana. Kinyozi akainua kidole, kumwigiza.

Kwenye kona, Mama alizitoa pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye gauni.

Sauti ikaja. Ilikuwa nyembamba kweli, tena ya kike, ikapanda juu kabisa na kukaa huko bila kutetereka.

Kinyozi alipasuka kicheko. "Mafua gani hayo, bwana, yanayomgeuza mtu..."

Akageukia kona. Sauti zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwenye santuri, na nyingine, iliyochakaa kidogo, ilitoka kwenye kona, kwa maneno yaleyale ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia ndani ya nyumba ile. Wimbo ukaisha, na Mama akaishia hapohapo, pamoja na bendi.

Akakata uzi kwa meno.

"Maikrofoni ilikuwa moja," akamwambia mumewe. "Na zile suruali ulizoleta zilikuwa fupi."