Ngwali Juu ya Mkanda

Ndege ya asubuhi ilipotua, mpagazi Ngwali alipanda juu ya mkanda wa mizigo akajilaza katikati ya masanduku. Mizigo hiyo ikishatoka, mkanda ungekatwa vipande kwa moto wa gesi, na mashine mpya isiyohitaji wapagazi wengi ingefungwa mahali pake.

"Shuka, mzee, abiria wanasubiri!" injinia alifoka. "Mkanda huu umechoka."

"Umechoka? Ukikwama nani huuamsha kwa teke? Mashine yako inajiendesha yenyewe. Mimi nikaendeshe nini, njaa ya wanangu?"

Wapagazi walicheka, kisha wakaona Ngwali analia.

"Washa!" injinia alimwamuru Shomari.

Shomari, aliyekula naye sinia moja tangu ujana, alishika swichi. "Nisamehe, kaka. Mimi wamenibakiza kazini."

Mkanda ulikohoa, ukaanza kwenda. Ngwali hakushuka. Alikumbatia sanduku la mtu asiyemjua, akapita chini ya pazia la mpira, akatokea ukumbini penye mwanga. Abiria walisogea, kila mmoja akitafuta chake. Mkanda ukamzungusha mbele yao taratibu, na hakuna aliyenyoosha mkono.