Mstari wa Kusini

Kiti cha Fabiola kilikuwa bado na joto Gédéon alipokikalia. Mwenyewe alikuwa nje barazani, anakula ugali na ndagala pamoja na wenzake, na kicheko chake kilikuwa kinaingia dirishani. Gédéon hakukipenda kicheko hicho hata kidogo.

Yeye ndiye aliyemfundisha. Fabiola alipofika kituo cha utafiti wa ziwa, hapo Uvira, binti wa wakulima wa mpunga wa Runingu, hakujua hata pa kubonyeza kwenye kompyuta. Siku hizi Directeur Herménégilde, mkuu wa kituo, haishi kumsifu. Fabiola hivi, Fabiola vile. Na kesho yake mmoja kati yao angepewa nafasi moja tu ya kwenda kusoma Ubelgiji. Gédéon aliona wivu. Kila sifa ya yule dada aliihesabu kuwa tusi lake.

Kazi yao ilikuwa moja: kuonyesha kwa hesabu jinsi maji yanavyotembea mbele ya mji. Kompyuta za kituo hazikuweza kubeba Ziwa Tanganyika zima, kwa hiyo walikata kipande cha kaskazini, kuanzia Ruzizi inapoingia ziwani hadi mstari waliouchora wenyewe kukatiza maji karibu na Makobola. Ziwani mstari huo haupo. Lakini kompyuta ni lazima iambiwe maji yanafanya nini pale. Ukiidanganya hapo, kipande chote kinaharibika. Wote wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, walikuwa wameandika kwamba pale maji yametulia, kama vitabu vinavyoshauri.

Gédéon akaufuta utulivu wa Fabiola. Akaandika kwamba kwenye mstari ule maji yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyekimbizwa na ng'ombe. Upuuzi mtupu. Akaiacha hesabu iendelee, akanawa mikono, akaenda barazani kuomba ndagala. Fabiola ndiye aliyempakulia.

Asubuhi, picha zilipowekwa ukutani mbele ya watu wote, mkondo wa Gédéon ulitembea upande mmoja, kwa adabu zake. Wa Fabiola ulikwenda kaskazini, ukageuka, ukarudi kusini, ukageuka tena. Mtu mmoja alikohoa. Gédéon aliinamisha kichwa kuficha furaha yake.

Fabiola alikodoa macho. Akasema polepole kwamba ule mstari wa kusini yeye hakuuandika hivyo, na kwamba jana, wakati wa kula, aliyebaki ndani alikuwa Gédéon peke yake.

Directeur akavua miwani.

"Gédéon, ni weye uliandika hii ya kusini?"

"Hapana, Directeur."

"Fikiri vizuri. Nauliza mara ya mwisho."

Gédéon aliiona safari inamponyoka. Akasimama, akaapa kwa jina la mama yake, akaapa kwa Biblia, mbele ya kituo kizima, kwamba mashine ya Fabiola hakuigusa hata kwa kidole.

"Minye sijui kitu," alisema. "Ile kazi yote iko yake, yeye peke yake."

Directeur akaitikia kwa kichwa. Akamwita Octave, mwendesha mashua wa kituo, ambaye alfajiri ile alikuwa ametoa ziwani kipimo kilichokaa chini ya maji tangu mwanzo wa kiangazi, kikiandika mkondo wenyewe unavyokwenda. Picha ya kipimo ikawekwa juu ya ile ya Fabiola. Mikondo miwili ikalaliana: kaskazini, kugeuka, kusini, kugeuka.

"Directeur," Fabiola alisema, "kweli kabisa, haiko minye niliandika ile..."

"Acha kujishusha, binti yangu," alisema Directeur, akimpa mkono. "Mwenzako ameapa mbele ya watu wote. Kaanze kufunga mizigo."