Karatasi za Kijiji cha Bibi

Kitendawili! Panya hukila, moto hukila, nacho hubeba ukoo mzima. Karatasi, mmepata.

Jikoni kwao Chicago, Ludwika alipiga meza hadi unga ukaruka. Bibi yake alikuwa amezikwa juzi, na sanduku la bati alimotunza karatasi za ukoo lilikuwa tupu. Bila karatasi zile asingejua ukoo wao ulitoka kijiji gani cha Poland.

"Shangazi, ziko wapi? Umezila na supu?"

"Adabu, mtoto we! Nimekuogesha mimi!"

"Nimeuliza ziko wapi!"

Shangazi alijifuta unga kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Wafu wetu tunawawekea rozari na kitabu cha sala jenezani. Bibi yako alitaka na karatasi. 'Kijiji kilichotufukuza,' aliniambia, 'nacho nikizike.' Ziko chini ya kichwa chake."