Mirathi ya Bahari

Kaa alikuwa na shimo juu ufukweni, pale ambapo bahari hufika wakati wa bamvua tu, maji yajaapo kuliko siku zote, na chini ya tumbo alibeba mayai yaliyongoja maji hayo. Siku moja, mwezi ukiwa nusu, Panya Buku aliwasikia wavuvi wakisema, "Leo maji mafu." Hakuuliza maana. Alikimbilia kwa Kaa, uso kaukunja kimsiba.

"Pole, shemeji. Bahari imefariki. Nimekuja kurithi."

"Kurithi nini?"

"Shimo hili la marehemu. Toka!"

Akamsukuma nje na mayai yake, juani. Shimo Kaa aliporwa, ulimi hakuporwa.

"Maji mafu ni maji yaliyopungua nguvu, bwana! Mwezi ukitimia utayavuta mpaka humo."

"Mwezi upi? Huo ninaouziba kwa kidole? Jua lenyewe, na ukubwa wote ule, limeshindwa kuyavuta!"

"Jua ni kubwa, lakini linakaa mbali. Mwezi ni mdogo, ila ni jirani, kwa hiyo mvuto wake ndio tunaouona zaidi. Ukitimia, huvuta pamoja na jua."

Buku alicheka, akalala. Kaa akajibanza chini ya kifuu cha nazi, akiyalowesha mayai kwa umande.

Wiki moja baadaye, jioni mwezi ulipotimia, maji yalipanda, yakaingia shimoni bila hodi. Buku akachomoka, ndevu zikichuruzika. Kaa, aliyekuwa akiyaachia mayai yake mawimbini, akamwita:

"Usikimbie, shemeji! Marehemu amekuja mwenyewe kugawa mirathi."